Waliotafutwa na Wasiotafutwa: Msako wa Gillam, 2019

Tarehe 27 Septemba 2019, polisi wa Kanada walitoa ripoti kuhusu vijana wawili ambao tayari walikuwa wamekufa msituni. Kando ya miili yao ilipatikana kamera, na ndani ya kamera mlikuwa na video sita fupi. Polisi hawakuzionyesha. Walieleza tu yaliyomo. Katika video ya kwanza, ya sekunde 58, vijana wanasema kwamba wao ndio waliowaua watu watatu, na kwamba mpango wao ni kutembea kwa miguu hadi Ghuba ya Hudson, wateke boti, kisha waende Ulaya au Afrika.

Afrika. Si Dakar, si Mombasa, si bandari yoyote unayoweza kuionyesha kwa kidole kwenye ramani. Afrika tu, kama mtu anavyosema "huko mbele." Mimi nikiwa Mkenya, hapo ndipo niliposhikwa na hii habari. Walikuwa wamesimama kwenye kinamasi kaskazini mwa Manitoba, mbu wakiwala wazima wazima, na bara letu zima lilikuwa kwao kona ya kujifichia. Kutoka pale hadi pwani yoyote ya Afrika kuna bahari nzima ya Atlantiki katikati. Lakini ukiufuata huu mkasa kutoka mwanzo unaona kwamba wao hawakuwa peke yao katika kuzungumzia mahali wasipopajua. Kwa wiki mbili na zaidi, karibu dunia nzima ilikuwa ikizungumzia msitu ambao haijawahi kuukanyaga.

Wacha tuanzie barabarani.

Lucas Fowler alikuwa Mwaustralia wa miaka 23 aliyekuwa akifanya kazi kwenye ranchi huko British Columbia. Chynna Deese, miaka 24, alikuwa Mmarekani kutoka Charlotte, North Carolina. Walipendana wakiwa safarini, na Julai 2019 walianza safari nyingine kuelekea Alaska ndani ya Chevrolet ya buluu ya mwaka 1986, lile umbo ambalo hapa kwetu lingepigwa rangi na kugeuzwa matatu. Tarehe 13 Julai kamera ya usalama ya kituo cha petroli mjini Fort Nelson iliwanasa wakikumbatiana huku wakijaza mafuta. Siku iliyofuata gari lao liliharibika kando ya Barabara Kuu ya Alaska. Kuna watu waliosimama kuwauliza kama wanahitaji msaada. Wakajibu wako sawa tu. Asubuhi ya tarehe 15 miili yao ilipatikana imepigwa risasi, kama kilomita 20 kusini mwa chemchemi za maji moto za Liard.

Siku nne baadaye, karibu kilomita 500 kutoka hapo, pikapu yenye kijumba cha kulala mgongoni ilipatikana ikiwa imeteketea kwenye Barabara Nambari 37, kusini mwa Dease Lake. Kama kilomita mbili kutoka kwenye pikapu kulikuwa na mwili wa mzee asiyejulikana. Polisi walilazimika kumchora na kuisambaza picha ili atambuliwe. Kumbe ni Leonard Dyck, miaka 64, mhadhiri wa botania katika Chuo Kikuu cha British Columbia, mtu aliyetumia miaka yake akisoma mwani wa baharini.

Pikapu ilikuwa ya vijana wawili kutoka Port Alberni, mji mdogo kwenye Kisiwa cha Vancouver: Kam McLeod, 19, na Bryer Schmegelsky, 18. Walikuwa wamefanya kazi kwenye duka la Walmart. Tarehe 12 Julai waliaga nyumbani wakisema wanaenda Yukon kutafuta kazi iliyo bora. Siku hiyo hiyo, wakiwa njiani, mkubwa wao alinunua bunduki ya nusu otomatiki dukani, kwa leseni halali kabisa.

Mwanzoni polisi waliwatangaza kuwa wamepotea. Na hapo jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyekuwa akisoma habari: vijana wawili hawaonekani, pikapu yao imechomwa, maiti iko karibu. Kila mtu alidhani kuna muuaji wa tatu huko nje ambaye amewamaliza na hao pia. Watu waliwaombea. Halafu tarehe 23 Julai habari ikageuka chini juu. Polisi wakasema hao si waliopotea, ni washukiwa, na wameshaonekana huko Saskatchewan, mkoa wa pili kutoka pale, wakiendesha Toyota RAV4 ya kijivu. Siku iliyofuata walishtakiwa kwa mauaji ya Dyck. Kufikia hapo RAV4 yenyewe ilikuwa imepatikana, nayo ikiwa majivu, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka walikoanzia, karibu na mji mdogo uitwao Gillam.

Gillam ni mwisho wa barabara, na sisemi hivyo kwa mafumbo. Wakati wa msako ulikuwa mji wa watu kama 1,200 kaskazini mwa Manitoba, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka jiji la Winnipeg. Kuna njia moja ya gari ya kuingia, na ndiyo hiyo hiyo ya kutokea. Kuna reli inayoenda Churchill, kwenye Ghuba ya Hudson. Kwingine kote ni miti mifupi, kinamasi, mito, dubu weusi, wakati mwingine dubu weupe, mbwa mwitu, na mbu na inzi weusi wanaoweza kumfanya mtu mzima alie. Ardhi inaonekana tambarare ukiitazama kutoka angani. Ukiweka mguu chini unazama hadi magotini.

Basi serikali ikaleta kila kitu. Polisi wenye silaha nzito, mbwa wa kunusa, droni, helikopta. Jeshi la anga likatuma ndege za Hercules na Aurora. Nyumba zilipekuliwa moja baada ya nyingine, Gillam na kwenye ardhi ya Fox Lake Cree Nation. Eneo lililosakwa lilifikia kilomita 11,000 za mraba. Wakazi walilala wamefunga milango, jambo ambalo wengi wao hawakuwa na mazoea nalo.

Na sisi wengine, tuliokuwa mbali, tukaleta maneno. Ati wamevuka mpaka. Ati wamejigeuza wanawake. Ati wamefundishwa kuishi porini na wanaweza kukaa huko mwaka mzima. Mwingine akasema wamekufa siku ya kwanza, wameliwa na dubu. Mwingine akachora mishale kwenye ramani akaonyesha mahali watakapotokea. Polisi wenyewe walisaidia kuuwasha huo moto. Tarehe 26 Julai walisema inawezekana washukiwa wamebadilisha sura, na pengine kuna mtu amewabeba bila kujua ni akina nani. Baada ya hapo walionekana kila mahali. Walionekana hadi Ontario. Kila kijana mrefu mwembamba aliyesimama kando ya barabara akawa ni wao.

Ni rahisi kulaumu simu zetu kwa hili. Lakini historia ya Kanada inasema tabia hii ni kongwe kuliko simu zetu.

Desemba 1931 wawindaji wa Gwich'in, wenyeji asilia wa kaskazini kabisa mwa Kanada, walilalamika kwamba mtu mmoja mgeni anaichezea mitego yao karibu na mto Rat. Mtu huyo alijiita Albert Johnson. Tarehe 26 Desemba polisi Alfred King alikwenda kwenye kibanda chake kumuuliza, akagonga, hakujibiwa. Aliporudi tarehe 31 na wenzake, alipigwa risasi kupitia mlangoni. Alinusurika. Tarehe 9 Januari 1932 polisi walirudi na baruti, wakakilipua kibanda. Johnson akaendelea kupiga risasi kutoka kwenye shimo alilochimba sakafuni. Kisha akatoroka. Tarehe 30 Januari alimuua polisi Edgar Millen. Halafu alivuka milima ya Richardson katikati ya dhoruba ya theluji, kwenye baridi ambayo huvunja chuma. Aliuawa tarehe 17 Februari kwenye mto Eagle, Yukon, wiki saba baada ya risasi ya kwanza.

Ule ndio msako wa kwanza ambapo polisi wa Kanada walitumia ndege kumfuata mtu. Rubani alikuwa Wop May, shujaa wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Pia walitumia redio kuwasiliana. Na redio hiyo hiyo, pamoja na magazeti, iliwapelekea habari watu waliokaa karibu na moto majumbani mwao, mamia na maelfu ya kilomita kusini. Wakabishana. Wengine wakawa upande wa Johnson: mtu mmoja dhidi ya serikali, dhidi ya baridi, dhidi ya ndege. Wakampa jina la utani, mtegaji mwendawazimu wa mto Rat. Akaandikiwa vitabu, akatengenezewa filamu. Mwaka 2007 kaburi lake lilifukuliwa ili kupima chembe za urithi, kwa sababu watu walikuwa bado wanabishana jina lake halisi ni nani.

Sasa jaribu kitu. Muulize mtu anayeijua hadithi ya Johnson akutajie polisi aliyeuawa. Halafu muulize akutajie Mgwich'in mmoja tu kati ya waliomfuata Johnson kwenye theluji, waliojua njia, waliojua barafu ipi hubeba mtu na ipi huvunjika. Alikuwepo mmoja aitwaye Lazarus Sittichinli, aliyekuwa polisi msaidizi. Jina lake sikulikuta kwenye habari za kwanza nilizosoma. Nililikuta baada ya kuchimba.

Kwa hiyo 2019 haikuleta kitu kipya sana. Mkimbizi alikuwa na sura, waliomfuata walikuwa na ndege, walio mbali walikuwa na maneno. Na wenyeji, waliokuwa pale pale, walikuwa kwenye ukingo wa picha.

Tuwarudishe katikati basi, maana ukiifuata hatua kwa hatua, hii kesi ni yao.

Wa kwanza kukutana na vijana hao kule Manitoba walikuwa walinzi wa Tataskweyak Cree Nation, kwenye jamii ya Split Lake. Pombe imepigwa marufuku pale, kwa hiyo kuna kizuizi barabarani, magari yanakaguliwa. Tarehe 22 Julai walinzi waliisimamisha RAV4, wakatazama ndani, wakaona ramani na vifaa vya kupiga kambi, pombe hawakuona. Wakawaruhusu kupita. Tangazo kwamba hao ni washukiwa lilikuja siku moja baadaye. Watu wawili waliokuwa wameua watatu walisimama mbele ya walinzi wa kijiji, na hakuna mtu aliyekuwa amewaambia walinzi wajilinde.

Jioni hiyo hiyo gari likateketea karibu na Fox Lake. Ni watu wa Fox Lake waliokuwa karibu na ule moto, si ndege.

Tarehe 28 Julai msako mzima ulihamia York Landing, jamii nyingine ya wenyeji, kilomita kama 90 kusini magharibi mwa Gillam. Waliopiga simu walikuwa Bear Clan Patrol, watu wa kujitolea kutoka Winnipeg waliokuwa wamekuja kuzilinda jamii za kule kaskazini. Walisema wameona watu wawili karibu na jaa la taka. Polisi walimiminika huko kwa ndege na helikopta. Hawakupata mtu. Walio mbali waliwacheka Bear Clan. Mimi sicheki. Wewe ukiwa kijijini usiku, umeambiwa wauaji wenye bunduki wako msituni mwenu, ukaona vivuli viwili kwenye jaa, utasubiri kuwa na uhakika?

Tarehe 31 Julai polisi walitangaza kupunguza msako. Ndege zikaondoka. Ndipo mwanzoni mwa Agosti mwongoza watalii wa boti, mtu anayeujua mto Nelson kwa sababu ndio unaomlisha, alipoona mfuko wa kulalia wa buluu umenasa kwenye vichaka vya ukingoni. Akapiga simu. Polisi walirudi kwenye mto, na tarehe 6 Agosti walipata vitu vya washukiwa ufukweni. Tarehe 7 saa nne asubuhi, kilomita moja tu kutoka kwenye vitu hivyo, waliipata miili. Kilomita nane kutoka lilikoteketea gari. Nane. Kilomita 11,000 za mraba zilikuwa zimesakwa kwa vifaa vya kijeshi, na vijana walikuwa umbali ambao mama yangu huutembea akienda soko na kurudi. Kilichowapata ni jicho la mtu aliyezoea ule mto.

Inafaa tuseme pia huo mto ni upi, na huo mji ni upi.

Gillam kama ulivyo leo ulikuzwa na umeme. Kati ya 1966 na 1974 lilijengwa bwawa la Kettle kwenye mto Nelson, yakafuata mengine. Maelfu ya wafanyakazi walimwagika kwenye ardhi ya watu wa Fox Lake. Agosti 2018, mwaka mmoja kabla ya msako, tume ya mazingira ya Manitoba ilitoa ripoti iliyoandika ushuhuda wa wenyeji kuhusu miaka hiyo: ubaguzi, ardhi kuharibiwa, wanawake kudhulumiwa kingono na wageni waliokuja kujenga. Kwa hiyo mwandishi wa habari aliposimama Gillam Julai 2019 akasema kwamba mji wenye amani umeingiwa na hofu kwa mara ya kwanza, alikuwa amekosea. Hofu ya mwanamume mgeni anayekuja na barabara ilikuwa imekaa pale nusu karne. Ila haikuwahi kuletewa ndege.

Na Bear Clan waliochekwa? Kikundi hicho kilianza Winnipeg mwaka 1992, kikafifia, kikafufuliwa 2014. Kilifufuliwa kwa sababu ya Tina Fontaine, msichana wa miaka 15 wa Sagkeeng ambaye mwili wake ulitolewa kwenye mto Red tarehe 17 Agosti mwaka huo. Kabla ya kufa alikuwa ameripotiwa kupotea, na polisi wawili wa jiji walikutana naye ndani ya gari, wakaliacha gari liende. Walinzi wa Split Lake walimwachilia mtu ambaye hawakuwa wameambiwa habari zake. Hawa wa Winnipeg jina la msichana lilikuwa tayari kwenye orodha.

Hapa ndipo barabara mbili za hadithi hii zinapokutana, na zinakutana kwelikweli kwenye ramani. Barabara Nambari 37, alikouawa Leonard Dyck, inateremka kusini hadi Kitwanga, na hapo inaungana na Barabara Nambari 16. Barabara hiyo ya 16, kati ya Prince George na Prince Rupert, ina urefu wa zaidi ya kilomita 700, na watu wa huko wanaiita Barabara ya Machozi. Tangu 1969 wanawake na wasichana, wengi wao wenyeji asilia, wamepotea au kuuawa kando yake na kando ya barabara zinazoungana nayo. Wengi walikuwa wakiomba lifti kwa sababu usafiri wa umma ulikuwa haba. Polisi wana orodha rasmi ya kesi 18. Wenyeji wanasema idadi halisi ni kubwa zaidi. Familia nyingi mpaka leo hazina jibu. Mwaka 2006 jamii zilikutana zikapendekeza kitu kimoja rahisi: wekeni usafiri wa umma. Mabasi ya umma kati ya miji yalianza 2017. Miaka 11 kwa ajili ya basi.

Tarehe 3 Juni 2019, wiki sita kabla ya Lucas na Chynna kuuawa, tume ya kitaifa iliyochunguza wanawake asilia waliopotea na kuuawa ilitoa ripoti yake ya mwisho. Ilikuwa na madai 231 ya haki. Ilitumia neno mauaji ya kimbari. Wakanada wengi walilibishia neno hilo siku chache, kisha Julai ikaja, na macho yote yakageukia Gillam.

Naomba nieleweke vizuri. Sisemi Lucas na Chynna na Leonard walitafutiwa haki kupita kiasi. Hakuna kiasi cha kupita hapo. Wala sisemi ndege zilitumwa kwa sababu tu waliouawa walikuwa Wazungu. Wauaji walikuwa hai, wana bunduki, wanaua wasiowajua, na serikali yoyote ingehamaki. Ninachosema ni kwamba Julai 2019 Kanada ilithibitisha kwa vitendo kwamba inaweza. Inaweza kutuma jeshi la anga kaskazini ndani ya siku chache. Inaweza kugonga kila mlango wa Gillam. Kwa miaka 50 familia za Barabara ya 16 zilikuwa zimeambiwa kuwa eneo ni kubwa mno, askari ni wachache, msitu ni mnene, ushahidi ni haba. Baada ya Gillam maneno hayo hayawezi kusemwa tena kwa uso mkavu.

Limebaki swali lililowakosesha watu usingizi kuliko yote: kwa nini?

Ripoti ya Septemba inasema hakuna sababu iliyotajwa. Kwenye video wanakiri, lakini hawaelezi. Hawaonyeshi majuto. Katika ya pili wameufikia mto, wanasema ni mpana na unaenda kasi, huenda wakalazimika kujiua. Katika ya tatu wamenyoa, wanasema wanajiandaa kufa, na wana mpango wa kuua wengine zaidi. Ya mwisho ni wosia: wanataka miili yao ichomwe. Uchunguzi ulionyesha kwamba mkubwa alimpiga risasi mdogo, kisha akajipiga mwenyewe.

Watu walitafuta sababu kila mahali. Michezo ya video. Mapenzi ya mmoja wao kwa alama za Wanazi. Ndoa za wazazi zilizovunjika. Ukosefu wa kazi, kizazi kilichopotea, vijana wa kiume wasio na mwelekeo. Hiyo ya mwisho inanigusa, kwa hiyo acheni niijibu. Mimi ni kijana wa miaka ya ishirini. Chuo niliacha katikati. Nimewahi kubeba mifuko na kupanga rafu dukani, na nimewahi kuwaambia watu wa nyumbani naenda mbali kutafuta kazi bora wakati sikuwa na jina la mahali pa kulala. Vijana kama mimi tumejaa dunia nzima, kuanzia Kisumu hadi Port Alberni. Tumechoka, hatuna pesa, tumekasirika. Hatujaua mtu. Ukisema ufukara wa matumaini ndio uliofyatua zile risasi, umetutukana sisi sote kwa ajili ya kuwapa wawili hadhi ya kuwa alama ya kitu. Inawezekana hakuna kitu. Inawezekana walitaka kuona inavyokuwa, wakaona, wakaendelea.

Polisi walikataa kuziachilia video hizo kwa umma, wakieleza kwamba hawataki kuwapa wauaji umaarufu wala kuwachochea wengine. Wengi walilalamika kwamba wamenyimwa haki ya kujua. Nadhani polisi walifanya vyema. Sababu yangu ni Albert Johnson. Alikufa bila kueleza lolote, na ukimya wake umewalisha waandishi kwa karibu miaka 90. Johnson angeacha video sita, leo tungekuwa tunauza fulana zenye maneno yake.

Kuna jambo moja katika ripoti ambalo halikuzungumzwa sana. Ile kamera haikuwa ya vijana hao. Ilikuwa ya Leonard Dyck. Walimuua, wakamwibia gari, wakaenda nalo hadi Gillam wakalichoma, na kamera wakabaki nayo. Kila walichosema kuhusu mto, kuhusu kufa, kuhusu Ulaya na Afrika, walikisema mbele ya kioo cha mzee aliyezoea kutazama mimea. Hatujaambiwa ndani ya kamera hiyo mlikuwa na picha gani kabla yao. Dyck alikuwa porini peke yake wakati wa kiangazi, mtu wa botania, na porini wakati huo kila kitu kimechanua.